Balozi Bado Hajafika

2 Machi
Nilistaafu ualimu mwaka jana, baada ya kuandika maandalio ya masomo kila jioni tangu ujana wangu. Kazi imekwisha, ila mkono bado haujaambiwa. Jua likizama unatafuta kalamu. Basi nimeamua kuupa shughuli msimu huu: uandike mvua, mpunga na watu wangu mpaka mavuno. Leo imenyesha tangu misa ya kwanza. Bondeni maji yameshika vizuri.

5 Machi
Theodori amepiga simu, anarudi Jumamosi. Ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alianza na udiwani kule kwetu Kiberege, akapanda ubunge vipindi viwili, akawa naibu waziri, halafu akapewa ubalozi kwenye nchi za theluji. Sasa muda wake umekwisha. Hapa Mlabani, mtaa wangu wa Ifakara, wote wanamwita Mheshimiwa. Mimi namwita Theo, na shikamoo ananipa kama zamani. Anataka kufikia kwangu, apumzike na alime kidogo. Nimemuuliza kama anakumbuka jembe linashikwa upande gani. Amecheka kicheko cha kupima, kama kile cha kwenye taarifa ya habari.

Kuna jambo sikumwambia, maana mtu mzima hafundishwi kwao. Mama alifariki masika ya mwaka juzi, naye hakuja kumzika. Hata likizo zake aliishia Dar es Salaam kwa wanawe. Jumamosi ndiyo mara ya kwanza atakanyaga uwanja wa mama bila mama kuwapo.

8 Machi
Nimechoka na nina hasira, lakini niandike kwa mpangilio.

Kwetu aliyekosa mazishi haanzi na salamu. Akifika kwenye uzio wa nyumbani anaangua kilio, na walio ndani wanampokea kwa kilio, hata kama marehemu amelala miaka kumi. Wakishanyamazishana anapewa maji, ndipo zinakuja shikamoo na habari za safari. Kabla ya hapo, kwa hesabu za ukoo, mtu huyo bado yuko njiani.

Kila mtu alikuwa tayari kwa mama, Kiberege. Shangazi Klementina, ambaye siku hizi kutoka kitandani ni kazi, alishafunga khanga kiunoni akakaa mkekani na wanawake, miguu wameinyoosha. Kaka yetu mkubwa, Hilari, anayeishi kwenye nyumba ya mama, alikaa mlangoni. Gari likasimama. Theo akashuka na koti lake safi, akaanza kutoa mkono kuanzia mtu wa kwanza mpaka wa mwisho. Akauliza majina. Akaulizia mvua. Akaenda nyuma ya nyumba kwenye kaburi, akaweka maua yaliyofungwa kwenye nailoni, akafumbata mikono mbele na kusimama kimya, kichwa ameinamisha. Ndani huku wanawake wanatazamana. Walingoja sauti, sauti haikuja. Huko alikotoka, kumbe wanalia kwa kunyamaza.

Alipomaliza akaja kwa Hilari. "Shikamoo, kaka."

Hilari hakuitikia. Aliangalia barabarani, kisha akanigeukia mimi, akaniita kwa jina la binti yangu kama kawaida yake.

"Mama Violeth, hivi Theodori anafika lini?"

Mwenyewe amesimama hapo hapo, unaweza kumgusa. Watu wote wakainamisha macho. Sijawahi kuona shikamoo ya mtu mzima ikiachwa hewani namna ile, tena mbele ya wageni. Shangazi Klementina akakunja miguu yake mmoja mmoja, akasema basi tupike.

Njiani kurudi Ifakara nilimweleza Theo kosa lake. Akasema yeye alikuwa ameonyesha heshima. Nikamjibu heshima hiyo angeionyesha kwenye kaburi la balozi mwenzake, siyo la mama aliyembeba mgongoni.

9 Machi
Mvua.

11 Machi
Hilari amenipigia. Kaburi la mama limetitia tena upande wa miguu. Ni udongo mtupu mpaka leo, na kila masika linazama kidogo. Nikamwambia tulijengee basi, saruji ipo, fundi yupo. Akasema kaburi halijengwi mpaka watoto wote wafike, na watoto wa mama ni watatu, yeye anawaona wawili. Nikamwambia wa tatu yuko sebuleni kwangu anakunywa chai. Akaniuliza kama nimepanda mchicha.

12 Machi
Niseme ukweli, niko upande wa Hilari. Mama aliuguzwa na sisi wawili. Aliyekuwa anamtaja kila akiamka ni yule asiyekuwepo.

20 Machi
Balozi ameanza kazi yake ya ubalozi. Kwanza ametuma mjumbe, Mzee Mudathiri, mwenye duka hapa jirani ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na ambaye Hilari anamheshimu sana. Amerudi anacheka. Amepewa wali na perege wa kukaanga, amesindikizwa mpaka barabarani, na jibu ni kwamba ujumbe umepokelewa na mwenyewe akifika atajibiwa.

Theo hakukata tamaa. Amemtuma Anselim, katekista, akiwa na hoja tatu alizompanga vizuri. Anselim amesahau ya pili, na kwa ya kwanza na ya tatu jibu ni lile lile. Jioni nimemkuta Theo anatembea uani, anatafuta mjumbe wa tatu. Nimemwambia, "Theo, Hilari siyo nchi. Ni kaka yako."

2 Aprili
Maji yamepanda mpaka kwenye tuta la mwisho. Mpunga umesimama, Mungu ni mwema. Kaburi sijui.

18 Aprili
Ijumaa Kuu. Kwenye Njia ya Msalaba, tulipofika kituo cha Yesu kukutana na mama yake, nusu ya kanisa ilikuwa inafuta machozi. Theo alipiga magoti mgongo umenyooka, uso umetulia kama picha ya ofisini. Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu moyo wake ulibaki uwanja wa ndege. Nilikasirika. Nikashangaa kwamba nimekasirika kwa ajili yake.

27 Aprili
Mpunga umeanza kujaa maziwa na ndege wamekuja na ukoo wao wote. Tumehamia bondeni, kwenye dungu, hiki kibanda chetu cha juu ya nguzo. Mashamba yetu yanapakana: langu huku, la Hilari kule na dungu lake, ukipaza sauti mnasikilizana. Theo amekuja nami. Nimempa mkia wa shamba aulinde.

Kuwinga ndege ni kelele. Ni kupiga debe, kurusha udongo kwa teo, yaani kombeo, na kupiga mayowe tangu kunapambazuka. Theo, jamani, alianza kwa kupiga makofi. Makofi yale ya ukumbini, mgeni rasmi anapomaliza kusoma. Ndege waliendelea kula kwa adabu. Nilicheka mpaka nikashika nguzo.

Kutoka kule Hilari akapaza sauti: "Mama Violeth! Huyo kibarua wako mpya umempata wapi? Mwambie afungue mdomo!"

Theo aliisikia. Akasimama akafungua mdomo kweli, ikatoka "hoo" moja nyembamba, ya mtu anayeogopa kuwaamsha watu. Hata hivyo nilifurahi. Kuitwa kibarua ni hatua, angalau sasa anaonekana.

30 Aprili
Ndege. Mvua. Ndege.

5 Mei
Simu kutoka wizarani, ameipokelea juu ya dungu ameshika debe. Wanamtaka tena, mjumbe maalum wa usuluhishi, kule ambako nchi mbili zinagombania mpaka. Anaondoka tarehe kumi na mbili Juni, na kazi hizo huwa hazina mwisho unaojulikana. Habari zimefika Ifakara kabla yetu. Mzee Mudathiri amenipongeza, wanakwaya wamenipongeza. Nimeshukuru. Kisha nimekaa jikoni nikafikiria kwamba shangazi hatamwona tena, Hilari ana miaka yake, na masika ijayo kaburi la mama litakuwa shimo. Akiondoka kabla hajafika, hatafika tena.

11 Mei
Leo mvua ilitufungia kwenye dungu tangu mchana. Kwenye mvua ndege hawaji, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya ila kuchoma mahindi na kutazama maji yakitembea chini yetu. Nikamuuliza, bila kumzungusha, kwa nini hakuja kumzika mama. Sote tulikuwa tunajua alinyimwa ruhusa kwa sababu ya ugeni mkubwa uliokuwa unakwenda kule.

"Sikunyimwa, dada," alisema. "Sikuomba."

Nikaacha kugeuza mahindi.

Akanieleza taratibu. Ujumbe wangu ulimkuta kwenye chakula cha jioni cha wakubwa, zamu yake ya kuzungumza imekaribia. Aliusoma chini ya meza, akarudisha simu mfukoni, akasimama, akanyanyua glasi na kuwatakia watu afya njema. Alichekesha hata. Watu wakamsifu kwamba usiku ule alizungumza vizuri kuliko siku zote. Alirudi nyumbani akakaa kitandani akingoja kulia, kulia hakukuja. Akaona aibu. Akasema moyoni, mtu ambaye hana hata chozi anakwenda msibani kufanya nini? Kesho yake akatuma salamu za rambirambi na mwakilishi.

Nilitaka kumkasirikia, hasira sikuiona ilipo. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye alikuwa mwepesi wa machozi nyumbani kwetu, akichinjiwa kuku wake analia siku mbili. Akatabasamu. Akauliza kama namkumbuka mtoto wa Uchindile.

Nilikuwa nimesahau. Ilikuwa kampeni yake ya kwanza ya ubunge. Walifika Uchindile wakakuta kijiji kinazika mtoto aliyeangukiwa na mti, na Theo, ambaye hakumjua mtoto wala wazazi, alilia kaburini mpaka akashikwa. Wiki ile wapinzani wake walizunguka na vipaza sauti wakisema huyu analilia kura. Machozi ya kura, ndivyo walivyoyaita, hata watoto wakaimba. Aliyekuwa meneja wa kampeni alimwita pembeni, nyuma ya gari, akamwambia mwanaume wa siasa halii, ukilia tena tumeshindwa. Theo akamsikiliza. Hakulia tena. Alishinda, akashinda tena, akapanda, na kila alikopanda kutolia kulikuwa ni sifa. Balozi mtulivu. Balozi asiyesomeka usoni.

Nilijua meneja alikuwa nani. Nilijua kabla hajamaliza.

"Usimlaumu kaka," akasema. "Alikuwa sahihi. Tulishinda."

13 Mei
Nimevuka kwenda dungu la Hilari, maji magotini. Nimempa shikamoo yake, nikamwambia yote: chakula cha jioni, glasi, Uchindile, maneno ya nyuma ya gari. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemkausha. Leo unamdai maji."

Nilidhani atanifukuza. Alichukua muda kufunga upya kamba ya debe ambayo haikuwa imefunguka. Kisha akaanza kuongea habari za viti. Siku ya mazishi ya mama, akasema, yalikuja magari ya wakubwa kwa heshima ya Theo, Theo mwenyewe hamo. Akaambiwa yeye ndiye mkubwa wa nyumba, apokee. Akapanga viti. Huyu aketi mbele ya yule, huyu hali nyama, huyu anataka maji ya chupa, huyu lazima asome salamu kabla ya padre kwa sababu ana safari. Alipopata nafasi ya kugeuka, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wananawa mikono.

"Sikuona hata jeneza likiteremka," akasema.

Nikangoja aendelee. Aliona ndege ambao mimi sikuwaona, akapiga debe kwa nguvu. Nikarudi kwangu. Miezi yote hii nilimwona kaka yangu kama hakimu. Leo sijui tena nimuone kama nani.

14 Mei
Hawajaongea. Lakini Theo leo amepiga yowe moja la kweli, ndege wakaruka, hata wale wa shamba la pili.

25 Mei
Tumeanza kuvuna. Mvua zimekatika, asubuhi kuna umande na baridi. Jioni imeletwa pepeta kutoka kwa Hilari, mpunga mpya uliokaangwa na kutwangwa, bado wa moto. Haikuja na neno lolote. Ilikuwa sehemu ya watu wawili.

1 Juni
Theo anavuna polepole na mikono imemchubuka. Nimemwambia akae na shangazi siku moja kabla hajaondoka. Ameniuliza atakaaje na mtu ambaye hajafika kwake. Nikajifanya nahesabu magunia. Mwalimu mzima.

7 Juni
Nguo zake zimefuliwa, begi liko wazi mlangoni. Kila nikipita nalifunika.

10 Juni
Ndege yake keshokutwa. Leo tumekwenda Kiberege kuaga.

Aliomba bajaji ituache barabarani, tuingie kwa miguu. Hakuniambia anakusudia nini, nami sikuuliza. Uani kwa mama walikuwa wanapepeta mpunga. Hilari alikuwa na ungo, makapi yamemjaa kichwani. Shangazi Klementina alikuwa ndani na wanawake wawili.

Penye uzio Theo alisimama. Akaweka mikono kichwani kama alivyoona watu wakifanya tangu utoto wake, akafungua kinywa. Ilitoka sauti kavu, ya mtu aliyepaliwa. Akajaribu tena. "Mama," akasema, "mama yangu mimi," lakini ilikuwa sauti ya hotuba, na aliisikia mwenyewe. Wapepetaji wakasimama. Akajaribu mara nyingine, haikutoka hata ile kavu. Akateremsha mikono. Nilimwonea huruma. Nilitaka kulia kwa niaba yake, nikakumbuka kilio hakina mwakilishi.

"Kaka," akasema, "sina. Nimekitafuta, sina."

Hilari aliweka ungo chini, mpunga ukamwagika. Akatembea kuelekea kwetu. Niliogopa atampita kama alivyozoea kumpita. Alisimama mbele yake, akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu Machi.

"Hata mimi sikumlilia, Theo," alisema. "Nilikuwa kwenye viti."

Na hapo hapo sauti ikamkatika. Kaka yangu Hilari, ambaye hata baba alipofariki tulimwona akichimba kaburi bila kupumzika, aliangua kilio kikubwa kilichomkunja kiunoni. Alimwita mama kwa jina la utotoni, lile tulilomwitia kabla hatujajua kutamka vizuri. Theo akamdaka. Akawa anasema pole kaka, pole, pole kaka, kama mtu anayemfariji mwingine, na mimi niliyekuwa karibu niliisikia ile pole ikianza kupasuka katikati. Kisha hapakuwa na maneno tena. Wakashuka chini wote wawili kwenye makapi. Shangazi akaitikia kutoka ndani, sauti yake ya kizee imepanda juu ya zote, wanawake wakamfuata, wapepetaji wakatupa nyungo. Na mimi, niliyedhani nilishamaliza sehemu yangu mwaka juzi, nilikuta bado ninayo nyingi.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Shangazi ndiye aliyetunyamazisha. Maji yakaletwa, Theo akanywa, Hilari akanywa kikombe hicho hicho. Walikuwa bado wamekaa chini simu ya Theo ilipoita. Kijana wa wizarani, anataka kupanga gari la kumpeleka uwanja wa ndege.

Theo alimjibu kwa sauti iliyokwaruza, mdomo una vumbi. Alisema hataweza kusafiri. Kijana lazima aliuliza sababu.

"Nina msiba," alisema. "Mama yangu amefariki."

Tulisikia kijana akishtuka, akisema pole sana Mheshimiwa, pole sana, hatukuwa na taarifa. Kisha akauliza, kwa upole, mama amefariki lini.

Theo akamtazama Hilari. Hilari akafuta uso kwa mkono wenye makapi.

"Leo," Theo akasema.

11 Juni
Hakuna aliyekwenda shambani. Tangu alfajiri majirani wanaleta kuni na unga.